Leza ikishayeyusha filamu ya shaba, ni nini kinachoisukuma ibanduke kwenye kioo?

#1 Kipimajoto
Wakuu, habari za jioni. Naomba tulijadili hili.

Kwa wasioifahamu kazi yenyewe: unachukua kioo safi cha silika, unakipaka filamu nyembamba ya metali upande mmoja, kisha unakigeuza filamu iangalie chini, juu kidogo ya kipokezi cha silikoni au kioo kingine. Pigo moja la leza linapita ndani ya kioo na kuichapa filamu kwa nyuma. Tone la metali iliyoyeyuka linaruka na kunasa pale chini. Unasogeza, unapiga tena. Kwa njia hiyo unachora waya mwembamba kuliko unywele bila kemikali za kuchubua. Bohandy, Kim na Adrian wa Johns Hopkins, Marekani, waliitangaza mbinu hii 1986 kwa filamu ya shaba na leza ya eksima (leza ya gesi yenye mwanga wa urujuanimno) ya nanomita 193.

Tatizo langu liko kwenye modeli. Filamu ni shaba ya nanomita 100, leza ya kijani ya nanomita 532, pigo la nanosekunde 10, nafasi hadi kipokezi mikromita 50. Nimeandika mlinganyo wa joto wa mwelekeo mmoja, lakini hata hesabu ya mkono inatoa picha ileile. Kila sentimita ya mraba ya filamu ina kama mikrogramu 90 za shaba. Kuipandisha kutoka joto la chumba hadi 1085 °C kunataka juli 408 hivi kwa gramu, na joto fiche la kuyeyuka ni juli 205 kwa gramu. Jumla ni milijuli 55 kwa sm². Shaba inaakisi karibu 60% ya mwanga wa kijani, kwa hiyo leza itoe kama milijuli 137 (kuanzia hapa milijuli za leza zote ni kwa sm²).

Nikipiga milijuli 150, filamu inayeyuka kweli, nikiiangalia kwa hadubini naona imejikunja kingo. Ila kipokezi hakina kitu. Matone yanaanza kutua nikikaribia milijuli 400. Sasa niambieni: kama imeyeyuka yote, kwa nini haitoki? Na inapotoka, inasukumwa na nini?

#2 Nanosekunde
Mkuu, kuyeyuka si kuruka. Modeli yako inajibu swali la kwanza tu. Maelezo ya Bohandy na wenzake ni haya: upande wa filamu unaogusa kioo ndio unaopokea leza, unayeyuka kwanza, unachemka, na mvuke unanaswa kati ya kioo na metali. Mpaka wa kuyeyuka ukifika upande wa pili, hakuna tena kinachoizuia filamu, mvuke unaitupa. Ongeza kuchemka kwenye modeli yako, jibu utalipata.

#3 Sonara wa Kariakoo
Nimekaa siti ya mbele. Sijui mlinganyo hata mmoja, lakini metali iliyoyeyuka naijua. Chenga za dhahabu zikishaiva kwenye chungu hazilali, zinajikusanya kuwa duara. Hiyo shaba yako iliyojikunja kingo inafanya jambo hilohilo. Metali ya maji inajipenda yenyewe, haiachani kirahisi.

#4 Binti Kisauni
@Kipimajoto, kabla ya kuchemsha chochote, rekebisha namba ya kuakisi. Hiyo 60% ni ya mwanga unaotoka hewani kwenda kwenye shaba. Wako unatoka ndani ya silika. Kipeo cha mpindo cha silika ni 1.46, na ukikiweka kwenye fomula ya Fresnel, ile ya mwanga kuakisiwa mpakani, pamoja na namba za shaba, unapata karibu 51%. Filamu inakula 49% ya leza wala si 40%. Kwa hiyo kizingiti chako cha kuyeyuka kinashuka hadi kama milijuli 112.

#5 Kipimajoto
Ahsante dada, nimeshaibadilisha kwenye programu. Lakini hapo pengo linazidi kupanuka: 112 kwa kuyeyuka, 400 kwa kuruka.

#6 Mzee wa Maabara
Vijana, kioo nacho kinakula. Silika inapitisha joto vibaya, ila haiwi sifuri. Uso wake ukishikiliwa nyuzi 1000 juu ya joto la chumba kwa nanosekunde 10, unafyonza kama milijuli 17 kwa sm². Ukilinganisha na zile 55 za shaba, ni karibu theluthi. Joto linaingia ndani ya silika kama nanomita 90 tu katika muda huo, lakini linatosha kuharibu hesabu ya mtu.

Swali la pili kwa mwenye uzi: hizo milijuli 400 ni wastani wa doa zima au ni kilele cha katikati? Mwale wa umbo la Gauss, mkali katikati na hafifu pembeni, una kilele mara mbili ya wastani wake. Nimeona watu wazima wakigombana kuhusu namba, kumbe mmoja ameandika wastani, mwenzake kilele.

#7 Kipimajoto
Ni kilele, mzee wangu. Nilipima doa kwa njia ya Liu ya 1982: unapiga kwa nishati tofauti, unachora mraba wa kipenyo cha alama dhidi ya logarithimu ya nishati, na mteremko unakupa nusu-kipenyo cha mwale.

#8 Mzee wa Maabara
Safi. Basi namba zako zinajadilika.

#9 Mkatanga
Salamu kutoka Lubumbashi, ambako shaba hatuisomi vitabuni peke yake.

@Nanosekunde, mvuke wa shaba ni dhaifu mno. Inapoyeyuka, kwenye K (kelvini) 1358, shinikizo la mvuke wake halifiki hata paskali 1. Paskali 1 unaipata kwenye K 1509. Kilopaskali 1 ni K 2089. Ili ulingane na hewa ya kawaida, lazima ufike K 2834. Kwa hiyo kati ya kuyeyuka na kusukuma kuna karibu nyuzi 1500 za shaba ya maji ambayo haifanyi lolote.

Sasa tufanye hesabu ya msukumo. Filamu ya nanomita 100 ina uzito wa kilo 0.0009 kwa mita ya mraba. Ukitaka iruke kwa mita 100 kwa sekunde, na msukumo udumu nanosekunde 20, unahitaji megapaskali 4.5, yaani angahewa 45 hivi. Shaba inatoa shinikizo hilo kwenye K 4000 hivi. Nishati ya kuifikisha hapo, kwa juli 0.5 kwa kila gramu na kila nyuzi, inafanya jumla iwe kama milijuli 175 zilizofyonzwa. Gawanya kwa 0.49 ya dada Binti Kisauni: ni milijuli 355 kutoka kwenye leza. Weka na hasara ya kioo ya mzee, unavuka 400. Namba ya mwenye uzi hiyo hapo!

#10 Nanosekunde
Kaka Mkatanga, si umenithibitishia nilichosema? Mvuke ndio unaosukuma.

#11 Mkatanga
Nimekuthibitishia mvuke wa K 4000. Wewe ulisema "ongeza kuchemka" kana kwamba ni K 2834. Huko juu hatuzungumzii tena kuchemka kwa utulivu, maana kioevu kinapashwa haraka kuliko kinavyoweza kutoa viputo.

#12 Binti Kisauni
Naomba nipunguze shangwe. Hizo mita 100 kwa sekunde zimetoka wapi? Ameweka Mkatanga, mwenye uzi hajapima. Kwa mita 20 kwa sekunde shinikizo linashuka hadi megapaskali 0.9, na joto linalohitajika ni kama K 3400. Halafu shaba ya maji haiakisi sawa na ngumu, inafyonza zaidi, kwa hiyo 0.49 inabadilika katikati ya pigo lilelile. Namba mbili zisizo na uhakika zikikutana kwenye 400 haina maana kwamba maelezo ni sahihi.

#13 Tetesi
Mnazunguka mbuyu wote. Hakuna haja ya mvuke. Metali ikipata moto inatanuka, na upande mmoja imebanwa na kioo. Inakisukuma kioo, kioo kinairudisha, inaruka. Mkazo wa joto. Hata filamu ambayo haijayeyuka huwa inabanduka hivyo.

#14 Mzee wa Maabara
Tetesi umerudi! Nilidhani ulihamia jukwaa la mpira moja kwa moja.

#15 Tetesi
Mzee, ligi imesimama. Nijibu hoja.

#16 Binti Kisauni
Nakujibu mimi. Chukua filamu ya nanomita 100, ipashe hadi iyeyuke na ipite hapo. Kutanuka kote, pamoja na kule kunakotokana na kuyeyuka, tuseme kwa ukarimu ni 10%. Ni nanomita 10. Pigo lake ni nanosekunde 10. Nanomita 10 kwa nanosekunde 10 ni mita 1 kwa sekunde. Kwa mwendo huo tone halikati hata shingo yake.

Mkazo wako unafanya kazi pale pigo linapokuwa fupi kuliko muda wa sauti kuvuka filamu. Sauti ndani ya shaba inakwenda takriban mita 4700 kwa sekunde, kwa hiyo inavuka nanomita 100 kwa pikosekunde 21. Pigo la nanosekunde 10 ni refu karibu mara 500 ya hapo. Filamu inakuwa imeshatanuka taratibu na mkazo umeshatoka.

#17 Tetesi
Sawa kwa nanosekunde. Lakini wenye leza za pikosekunde na femtosekunde je? Huko ndiko kazi nyingi za siku hizi zilipo. Huko elektroni zinapata moto kwanza, atomu bado baridi, na modeli ya joto moja haifai kabisa. Unahitaji joto mbili, moja la elektroni na moja la atomu, kama walivyoandika Anisimov na wenzake 1974. Atomu zinapopokea joto hilo kwa pikosekunde chache, filamu haijapata hata nafasi ya kusogea. Hapo mkazo unaipasua ikiwa bado ngumu au nusu maji, na mvuke wenu hauna kazi. Hivyo swali "nini kinasukuma" halina jibu moja, linategemea urefu wa pigo.

#18 Nanosekunde
Hapo nakubali kwa sharti kwamba mwenye uzi ana nanosekunde. Tujibu swali lake.

#19 Fundi Simu Mwenge
Wakuu samahani nachepuka kidogo. Hii habari ya kuyeyusha filamu juu ya kioo bila kuua kioo, ndiyo inayotumika kwenye vioo vya simu? Kuna mtu aliniambia kila kioo cha OLED kimepitiwa na leza.

#20 Mzee wa Maabara
Si kila kimoja, lakini vingi, na teknolojia ni ndugu. Nyuma ya kioo cha simu kuna transista nyingi za silikoni. Silikoni inapakwa ikiwa ovyo, haina mpangilio wa fuwele, unene kama nanomita 50. Leza ya eksima ya nanomita 308 inaipiga, inayeyuka na kuganda tena ikiwa fuwele, yote ndani ya sehemu ndogo ya mikrosekunde. Kioo chini hakipati habari, kwa sababu joto halijapata muda wa kushuka. James Im wa Chuo Kikuu cha Columbia ndiye aliyeonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba kuna nishati fulani, karibu kabisa na ile ya kuyeyusha filamu yote, ambapo fuwele zinakua kubwa ghafla. Ukizidisha kidogo, zinakuwa ndogo tena. Hivyo kiwandani hiyo nishati inachungwa sana.

#21 Fundi Simu Mwenge
Ahsante mzee. Nikibadilisha kioo kesho nitakiangalia kwa heshima nyingine.

#22 Dada Plazma
Mzee kataja silikoni, nami naingilia hapohapo. Wote mmesahau gesi. Silikoni ya aina hiyo hubeba hidrojeni nyingi ndani yake. Toet na wenzake huko Marekani walichapisha 1999 kwamba ukiipiga leza kupitia kioo, hidrojeni inalipuka kutoka na kuitupa filamu nzima. Hakuna haja ya kuchemsha silikoni.

@Kipimajoto, shaba yako uliipaka kwa njia gani? Kama ni sputa, yaani kung'oa atomu za metali kwa kuzipiga kwa gesi ya argoni, ndani yake kuna argoni iliyonaswa. Na kioo chako, hata ukikisafisha vipi, kikikaa hewani kinavaa utando wa maji. Maji yakibanwa chini ya shaba na kupashwa kupita nyuzi 374, ambako ndiko kikomo chake cha kuwa kioevu, yanaweza kutoa shinikizo ambalo shaba yenyewe italifikia kwenye maelfu ya nyuzi tu. Modeli zenu zote zinachukulia kwamba mpakani kuna shaba na silika tupu.

#23 Mkatanga
Dada, hoja nzuri, lakini ina tatizo. Kama ni maji, matone yangeanza mapema, karibu na kuyeyuka. Yeye anaona yanachelewa hadi 400.

#24 Dada Plazma
Au gesi inatoka mapema, inatoboa filamu, inakimbia bila kusukuma. Matundu aliyoyaona kwenye 150 yametoka wapi?

#25 Kipimajoto
Sikusema matundu, nilisema kingo zimejikunja. Ila ni kweli, katikati kuna vitundu vidogo. Na ndiyo, ni sputa.

#26 Dada Plazma
Enheee.

#27 Mwanagenzi_02
Nami niongeze mfano wa gesi. Galiamu naitraidi inayotengenezewa taa za LED inabanduliwa kwenye yakuti (safaya) kwa leza ya nanomita 248. Leza inaivunja mpakani ikawa galiamu na naitrojeni. Gesi inasukuma, galiamu inabaki maji, na kwa kuwa inayeyuka kwenye nyuzi 29.8 unapasha kidogo tu kipande kinaachia. Kundi la Berkeley, California, lilikuwa likifanya hivyo miaka ya 1990. Kwa hiyo kutegemea gesi si jambo geni.

#28 Sonara wa Kariakoo
Naona mmenipita. Naomba kuuliza: hilo tone likiruka mikromita 50, si linaganda njiani? Kitu kidogo vile kinapoa haraka. Basi linafika gumu, linanasaje?

#29 Tetesi
Linaganda ndiyo. Kwa ukubwa wa mikromita moja, linang'aa na kupoteza joto lote hewani.

#30 Mkatanga
Haligandi, Tetesi. Tupige hesabu. Tone la nusu-kipenyo cha mikromita 1, mwendo mita 100 kwa sekunde, mikromita 50. Safari ni nanosekunde 500. Kwa kung'aa peke yake, hata likiwa jeusi kamili, linapoteza chini ya nyuzi 0.1. Hewa inachukua zaidi, kama nyuzi 30 katika safari nzima. Lakini ili ligande, lazima litoe joto fiche, ambalo ni sawa na kupoa nyuzi 400 hivi. Linafika likiwa maji. Ukipiga kwenye ombwe ndiyo kabisa, hakuna hata hewa ya kulipoza. Linaganda likigusa kipokezi, na ndiyo maana linanasa.

Na Sonara, habari yako njema: kundi la Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, lilionyesha 2015 nguzo za shaba na dhahabu zilizojengwa tone juu ya tone, wembamba wa mikromita 5 hivi. Nguzo inasimama kwa sababu kila tone linafika likiwa maji na kuganda palepale.

#31 Sonara wa Kariakoo
Dhahabu ya mikromita 5! Mteja atataka kuiona kwanza ndiyo alipe. Lakini nimefurahi kujua, kumbe huko nako dhahabu inashonwa.

#32 Mzee wa Maabara
Sonara aliongea jambo kwenye #3 na mmelipita. Mvutano wa uso. Shaba ya maji ina kama niutoni 1.3 kwa mita, zaidi ya mara 15 ya maji. Kuivuta ikawa kichuguu cha nusu-kipenyo cha mikromita 5, uso wake unakurudisha kwa paskali laki tano, angahewa tano. Chini ya hapo filamu inavimba na kurudi.

Halafu kuna muda. Kuvutika na kukatika kwa tone la mikromita 1 kunachukua nanosekunde 80 hivi. Lakini filamu iliyobaki kwenye kioo inapoa kwa makumi ya nanosekunde, na joto fiche linairefushia kidogo. Kwenye milijuli 150 filamu inayeyuka, inaanza kujikunja, inaganda kabla haijaenda popote. Ndiyo picha aliyoiona. Kwa hiyo mimi nasema zile 400 huenda hazihusu shinikizo hata kidogo. Ni nishati ya kuifanya ibaki maji muda wa kutosha.

#33 Nanosekunde
Mzee, na kinachoanza kuisogeza ni nini? Ikibaki maji hata mwaka mzima, bila msukumo itajikunja tu palepale.

#34 Mzee wa Maabara
Msukumo wowote katika mlivyovitaja, hata mita chache kwa sekunde. Ndiyo hoja yangu: mnagombania msukumo, kumbe kizingiti kinaweza kuwa cha muda.

#35 Chipukizi wa UDSM
Shikamooni wote. Mimi sina leza, nina laptop. Naweza kuiga haya yote nikapata kitu cha maana? Nimesikia kuna programu za bure.

#36 Binti Kisauni
Marahaba. Unaweza, ukichagua sawa. Anza na joto la mwelekeo mmoja, unaandika mwenyewe kwa Python. Usifuate mpaka wa kuyeyuka kwa mkono. Tumia enthalpi: kila chumba cha gridi kinahifadhi nishati, joto unalisoma kutoka hapo, na joto fiche linajipanga lenyewe.

Angalia hatua ya muda. Gridi ya nanomita 2 kwenye shaba, kwa mbinu ya moja kwa moja, inakudai hatua isiyozidi femtosekunde 18. Nanosekunde 10 ni hatua zaidi ya laki tano. Inawezekana, lakini Crank na Nicolson walitupa 1947 njia ya kukwepa adhabu hiyo, itumie. Halafu hakikisha leza inaingia ndani ya nanomita 16 hivi za kwanza za shaba. Ukiisambaza kwenye filamu yote sawasawa, utaua tofauti ya mpakani ambayo ndiyo tunayobishania hapa.

Ukitaka kioevu kiruke, nenda OpenFOAM, programu ya kuiga mtiririko wa vimiminika, ni ya bure. Ufuatiliaji wa uso kwa njia ya Hirt na Nichols ya 1981 umo. Ila doa la mikromita 20 juu ya filamu ya nanomita 100 litakula gridi yako, na mvutano mkubwa wa shaba unazalisha mikondo ya uongo pembezoni mwa uso. Mikondo hiyo inaweza kukuonyesha tone ambalo halipo.

#37 Chipukizi wa UDSM
Na LAMMPS, ile programu ya kuiga atomu moja moja? Nione atomu zenyewe?

#38 Mkatanga
Mchemraba wa shaba wa nanomita 100 kila upande una atomu milioni 85. Hatua ya muda ni kama femtosekunde 1, na unataka nanosekunde 10, hatua milioni 10. Laptop yako itakuomba likizo. Kwa filamu nyembamba na pigo la pikosekunde, upana mdogo, unaweza kujifunza mengi. Leonid Zhigilei wa Chuo Kikuu cha Virginia na kundi lake wamefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na wao ndio waliotuonyesha vizuri namna kioevu kilichopashwa kupita kiasi kinavyogeuka povu la mvuke na matone kwa mkupuo.

#39 Dada Plazma
Na kwenye atomu hizo milioni 85, usisahau kuweka argoni.

#40 Mwanagenzi_02
Mbona hakuna aliyetaja njia ya kukwepa ugomvi wote? Weka tabaka la polimaidi (plastiki inayostahimili joto) kati ya kioo na filamu. Leza inaishia kwenye polimaidi, sehemu ndogo inageuka gesi, tabaka linavimba kama chapati kwenye chuma, uvimbe unairusha filamu bila leza kuigusa. Craig Arnold na kundi lake Princeton wameitumia sana. Hapo modeli ni ya kupinda kwa tabaka, unajua kinachosukuma.

#41 Tetesi
Hiyo ni kuhama nyumba kwa sababu ya panya. Yeye anataka kujua kuhusu shaba tupu.

#42 Kipimajoto
Ahsanteni sana wote. Nina kitu kipya. Kufuatana na hoja ya Dada Plazma, nilioka kipande cha filamu ileile kwenye ombwe ili itoe gesi, kisha nikakipiga sambamba na ambacho hakijaokwa. Vile vitundu vya katikati kwenye milijuli 150 vimepungua sana. Lakini kizingiti cha matone kimebaki karibu palepale, 400 na kitu.

#43 Dada Plazma
Kwa hiyo vitundu vilikuwa gesi. Nilisema.

#44 Mkatanga
Na matone hayakuwa gesi. Nami nilisema.

#45 Mzee wa Maabara
Kuoka kunaondoa gesi, lakini pia kunakuza chembe za shaba na kubadilisha namna inavyoshika kioo. Mmebadilisha vitu viwili kwa mpigo. Mimi sijatoka kwenye hoja ya muda. Badilisha kioo, tumia yakuti badala ya silika: yakuti inanyonya joto haraka zaidi, filamu itaganda mapema. Kama kizingiti kitapanda sana, nina haki.

#46 Nanosekunde
Kitapanda hata kama ni mvuke, mzee, kwa sababu yakuti itapoza mpaka vilevile. Jaribio hilo halitutenganishi. Bora abadilishe metali. Krome inafika paskali 1 ya mvuke kwenye K 1656, kabla hata haijayeyuka, maana inayeyuka K 2180. Shaba iko kinyume. Kama mvuke ndio mwenye kazi, krome itaruka karibu tu na kuyeyuka, na pengo la mwenye uzi litafungika.

#47 Binti Kisauni
Krome ikifika kuyeyuka haina hata kilopaskali moja, na mzee ametuonyesha uso unadai laki tano. Hata hivyo lifanye, na safari hii upime mwendo. Taa ya pili ya nanosekunde chache kutoka pembeni, uipige picha filamu ikiwa hewani. Bila mwendo, kila mtu hapa ataendelea kuchagua shinikizo linalompendeza.

#48 Kipimajoto
Krome nitaipaka wiki ijayo. Taa ya pembeni ninayo, ninachotafuta ni namna ya kuichelewesha kwa usahihi. Mwenye uzoefu wa kuchelewesha pigo kwa waya mrefu au kwa saketi aniandikie hapahapa, tusiende faragha.

#49 Mkatanga
Waya mrefu unatosha kwa kuanzia. Kila mita ya kebo ya kawaida ya koaksia inakupa karibu nanosekunde 5. Mita 20 ni nanosekunde 100, na kwa mita 20 kwa sekunde filamu itakuwa imeenda mikromita 2. Utaiona.

#50 Tetesi
Na ukipata leza ya pikosekunde, nitag.